Rejista ya Mashamba Ndani ya Mashine Pepe

Siku ya kwanza kazini niliogopa baridi kabla sijaiogopa mashine. Nilitoka kwetu Msambweni alfajiri, nikavuka feri ya Likoni hadi Mombasa, nikaingizwa kwenye chumba cha kompyuta kuu cha shirika lililogawia wakulima mashamba huku pwani ya kusini. Mashine ile ilikuwa kubwa kama makabati yaliyopangwa ukuta hadi ukuta, na haikuvumilia joto letu, basi chumba kilipozwa mpaka meno yagongane. Mimi nilikuwa na buibui na dera jepesi tu. Mkuu wa Zamu alinitazama, akacheka, akanipa sweta yake.

"Bi Zuhura, unaogopa?"

"Naogopa, bwana mkubwa."

"Vyema. Asiyeogopa simpi kiti hiki. Hapa ukikosea hutasikia kelele wala hutaona moshi. Mashine itakubali tu."

Kiti chenyewe kilikuwa mbele ya konsoli, yaani skrini ambayo mashine humwuliza mwendeshaji maswali na kungoja jibu. Nyinyi mliozoea simu zinazojua saa zenyewe mtashangaa. Mfumo endeshi wa wakati ule, ile programu inayozisimamia programu nyingine zote, ulipoamshwa asubuhi haukufanya lolote mpaka uulize kwanza: tarehe na saa hizi ni sahihi? Zikiwa sahihi, unajibu herufi moja ya kukubali. Zikiwa si sahihi, unaandika zilizo sahihi. Wiki ya kwanza niliandika saa mbili asubuhi kama tunavyohesabu sisi, mashine ikadhani ni usiku mkubwa, ikazirudia kazi za jana zote. Mkuu wa Zamu hakunigombeza. Alinibandikia saa za Kizungu juu ya konsoli.

Baada ya hapo sikukosea tena. Nilijibu ile herufi kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, hata vidole vikawa vinaijua kuliko ninavyoijua njia ya kwetu.

Kutoka chumba cha mashine nilihamishiwa Idara ya Rejista, chini ya Msajili Mkuu, mzee mwembamba wa Vanga aliyekuwa akinusa kila karatasi kabla ya kuisoma. Rejista ndiyo iliyoonyesha nani alipewa shamba lipi, kijiji kwa kijiji, tangu Gazi hadi mpakani Lunga Lunga. Nilipoomba ruhusa ya kutoa nakala ya tepu zake, zile kanda za sumaku zilizoihifadhi, alifunga mlango.

"Bi Zuhura, weye ni mwenyeji wa huku. Umeona watu wangapi wameamka wakakuta vigingi vya mgeni katikati ya minazi yao?"

"Wengi, mzee."

"Basi rejista ni moja. Siku rejista zikiwa mbili, kila shamba litakuwa na wenyewe wawili."

Nilimwamini, na si kwa sababu ni bosi. Baba yangu mdogo alihamishwa na hati mbili za shamba moja. Tangu siku ile nikawa mkali wa nakala kuliko Msajili mwenyewe, na alipostaafu nikaendelea na ukali wake.

Kompyuta kuu ilizeeka kabla yangu. Karatasi za awali zilikuwa zimeliwa na mchwa zamani, na vipuri vya mashine havikupatikana tena. Ndipo Meneja wa Mitambo akaamua tuhamie Ukunda, ghorofa moja juu ya duka la rangi, na mfumo wetu mkongwe uingizwe ndani ya mashine pepe, nami nirudi kwenye konsoli. Nilikwenda kuitafuta hiyo mashine nikaonyeshwa kisanduku cha kuwekwa chini ya meza. Aliyenieleza ni mhandisi Wambui, mama wa watoto wawili kutoka bara, ambaye salamu yake ilikuwa "Niaje, mathe" mpaka nilipomfundisha shikamoo.

Mashine pepe, vijana wangu, ni kompyuta isiyo na mwili. Ni programu inayojifanya kuwa ile mashine ya zamani: ina tepu za kujifanya, diski za kujifanya, na konsoli iliyo sawasawa na ile ya Mombasa. Mfumo mkongwe ukiwekwa humo ndani haujui kwamba umehama. Ni kama bibi kizee aliyehamishiwa kwa mwanawe, akapangiwa kitanda na kasha lake vilevile ili asiulize maswali. Mimi nilijua, na kule kutojua kwake kulinitia hofu.

Hatari ilikuwa moja, na Meneja alinieleza akiwa amenishika bega. Kila faili la rejista lilikuwa limepewa tarehe ya mwisho wa kutunzwa, na tarehe hizo zilikuwa zimekwisha kupita. Mfumo ukiamka ukaijua tarehe ya leo, kazi yake ya usafi ingeanza yenyewe na kufuta kila kitu. Kwa hiyo kila ukiamshwa lazima udanganywe kwa tarehe ya zamani. Wambui aliomba atoe nakala kwa usalama. Nilimkatalia mbele ya watu, nikamwambia rejista ni moja.

Asubuhi moja umeme ulikatika Ukunda, ukarudi, ikabidi mfumo uamshwe upya. Kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi Mama Mejumaa, mjane wa Mivumoni. Mtu mmoja mwenye pesa alikuwa amemshtaki kwamba shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu mumewe si lake, na kesi ilikuwa ikisikizwa Kwale siku ile ile. Alihitaji ukurasa mmoja tu wa rejista, wenye jina la mumewe.

"Kuna uzito, mwanangu?" aliniuliza.

"Hakuna, mama. Dakika kumi tu, inshallah."

Nikaketi. Mfumo ukauliza swali lake la kila siku: tarehe na saa hizi ni sahihi? Iliyoonyeshwa ilikuwa tarehe ya leo, ile niliyopaswa kuibadilisha. Nililisoma swali, wallahi nililisoma, na vidole vikajibu ile herufi ya kukubali.

Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Bodo, imefutwa. Gazi, imefutwa. Kikoneni, imefutwa. Kupitia mlangoni nilimwona Mama Mejumaa kwenye benchi akihesabu tasbihi yake kwa utulivu, akiamini ninafanya kazi. Majoreni ikapita. Mivumoni ikapita.

"Wambui!" Nadhani nililia.

Alikuja mbio, akagusa kibodi yake, na mistari ikasimama papo hapo. Mashine pepe inaweza kugandishwa katikati ya neno. Lakini Mivumoni ilikuwa imekwisha kufutwa.

"Nimemmaliza yule mama," nikamwambia. "Nimewamaliza wote."

Wambui alitazama sakafu. "Mathe, usinikasirikie. Nilitoa kopi. Ya mashine nzima, wiki jana."

Aliifungua ile nakala, mfumo ukaamka, ukauliza swali lile lile kwa upole ule ule, kana kwamba haukufa muda mfupi uliopita. Niliandika tarehe ya zamani kwa kidole kimoja, namba baada ya namba, Wambui akizisoma nyuma yangu kwa sauti. Ukurasa wa Mivumoni ulitoka. Mama Mejumaa aliubusu, akaniombea dua ndefu ambayo sikuistahili, akawahi Kwale. Alishinda kesi.

Mwisho wa mwezi niliandika barua ya kustaafu. Mwendeshaji ambaye vidole vyake vinamtangulia hafai kiti, na sioni aibu kulisema. Huku nyumbani Msambweni watu hunisifu kwamba niliiokoa rejista. Nami huitikia, ingawa kilichoiokoa ni nakala niliyoikataza. Siku ile, Mama Mejumaa alipokwisha kuondoka, nilimshika Wambui mkono, nikamwuliza nakala ziko ngapi.

"Ni hiyo moja tu, mathe," alisema. Kisha akafikiri. "Yangu mimi, ni hiyo moja. Za wengine sijui."