Jina la Mume

Juzi nilikuwa hospitali nikingoja dawa, benchi moja na bibi wa Chukwani aliyeletwa na binti yake. Daktari anayechunguza usahaulifu wa wazee alimwinamia.

"Bibi, mumeo anaitwa nani?"

Bibi alivuta buibui mpaka mdomoni. "Tangu lini mke akamtaja mumewe jina mbele za watu?"

Daktari aliomba radhi. Binti alitabasamu, nami nikaona bibi kamshinda.

"Na huyu aliyekuleta, jina lake nani?"

Bibi alimtazama binti, akamtazama tena. "Muulize yeye. Mie siwezi kumsemea mgeni."

Binti alijitaja polepole, akimtazama mamaake.

Mama yangu, miaka yote, humwita baba "yule bwana". Nimesharudi nyumbani, na sijamuuliza mama jina la huyo bwana.