Metrine na Picha za Bibi Najla

Mimi na Metrine tulianza kazi pamoja katika hoteli moja ya Al Garhoud, Dubai, yeye akisafisha vyumba vya ghorofa ya tatu, mimi vya ghorofa ya nne. Kwao ni Kimilili, Bungoma, kwetu Murang'a. Tangu siku hizo alikuwa mtu wa kuuliza. Akikuta kiatu kimoja uvunguni mwa kitanda cha mgeni aliyekwisha ondoka, hatulii, anauliza mwenyewe aliondokaje na kimoja. Msimamizi wetu alichoka naye. "Yalla, Metrine, tandika!" Naye hutandika, huku bado anauliza.

Mkataba wake wa hoteli ulipoisha, dada mmoja wa kanisani alimpeleka mtaa wa Rashidiya, kwa familia iliyotaka mtu wa kumwangalia mama mzee. Mwenye nyumba ni Ubeid, Mwarabu wa Dubai ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Mama yake, Najla, bado husema Kiunguja kuanzia asubuhi, hata akiwafukuza paka. Siku ya kwanza Metrine alimwita madam.

"Madam ni mke wa Ubeid," mzee akamwambia. "Mie niite Bibi."

Bibi Najla hatembei mbali, na macho yake yamechakaa katikati. Ukimkalia mbele anaona nywele zako na mabega, lakini pale penye uso pana ukungu. Kilichobaki kumsaidia ni tableti. Picha ikiwa na mwanga, akiikuza na kuisogeza pembeni kidogo ya jicho, anaona vizuri kuliko mtu anavyodhani.

Julai iliyopita Ubeid aliichukua familia yote kwenda Ulaya, kwanza Cádiz, kule pwani ya Hispania, halafu kisiwa kidogo cha Italia kiitwacho Procida. Metrine naye akapata viza, kwa ajili ya Bibi. Alinipigia simu akiwa uwanja wa ndege, anacheka bila sababu.

Lakini Cádiz Bibi alikataa kutoka hotelini. Ubeid alikuwa amenunua kiti cha magurudumu, cha kukunjika, kizuri.

"Sitaki kusukumwa barabarani kama gari la taka," Bibi akasema. "Nendeni."

Wakaenda. Bibi akabaki kwenye roshani na Metrine, wanasikiliza mji. Siku ya pili mzee akachoka kusikiliza.

"Mwanangu, mie nalala saa hizi. Toka, kazunguke, kisha uje un'ambie umeona nini."

"Nitakuambia nini, Bibi? Mimi sijui majina ya vitu vya huku."

"Basi nipigie picha."

Hivyo ndivyo Metrine alivyoanza. Kila asubuhi, Bibi akishajilaza, alitoka na simu yake akapita vichochoro vya Cádiz. Alipiga picha minara midogo juu ya mapaa, ukuta mrefu unaozuia bahari, wazee wanaocheza karata. Alipiga na nguo zilizoanikwa dirishani, kwa sababu rangi zilimpendeza, na mama mmoja akatokeza kichwa akamfokea mpaka Metrine akakimbia. Bibi aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwani zingekuwa chupi zako ungefurahi?"

"Sikuziona, Bibi. Niliona rangi tu."

"Wewe una macho mazima na hukuziona. Mie nimeziona." Akamgeuzia tableti. Kweli, zilikuwepo, kubwa kama mapazia.

Tangu hapo Metrine akawa anaomba ruhusa kwanza, kwa mkono na kwa tabasamu. Na akagundua jambo lililomsumbua: alikuwa anapita mahali, anapiga picha, anaondoka, bila kujua alichopiga. Bibi ndiye aliyemfanya ajue. Mlango huu mbona una mlango mwingine mdogo ndani yake? Huyu mtu mbona amebeba kiti kwenda ufukweni, hakuna viti huko? Kila swali lilimrudisha Metrine barabarani kesho yake.

Procida ilikuwa ndogo zaidi na ya ajabu zaidi. Nyumba zimepandana juu ya bandari, za waridi, za njano, za buluu, na ngazi zake ziko nje. Siku ya kwanza Metrine alileta picha nyingi, na moja ilikuwa ya ukuta wa waridi tu, katika mtaa wa juu.

Bibi akaikuza. Akaisogeza huku na huku.

"Hiki kinachoning'inia hapa nini?"

"Wapi? Huo ni ukuta, Bibi."

"Hapa, chini ya dirisha."

Metrine akainama. Kilikuwa kikapu, kimefungwa kamba ndefu.

"Cha nini?"

"Sijui."

"Nenda kaangalie."

Asubuhi iliyofuata alisimama ng'ambo ya ule ukuta mpaka jua likamchoma shingo. Mwishowe akaja kijana wa mkate na baiskeli yake. Akapiga kelele kidogo, na kikapu kikaanza kushuka polepole kutoka dirisha la juu kabisa. Kijana akatia mkate, akavuta kamba mara moja kama anayebisha hodi, akaenda zake. Kikapu kikapanda. Metrine alipiga picha zote hizo, zingine zimetikisika, akarudi hotelini karibu anakimbia.

Bibi alizitazama moja moja.

"Nani anakivuta?"

"Sikumwona. Niliona mikono tu."

"Ya mzee au ya kijana?"

"Nafikiri ya mzee."

"Kwa nini hashuki mwenyewe?"

Bibi akaikuza tena ile mikono. Halafu akasema, "Kesho ulete hicho kiti. Na tende zangu."

Walitoka asubuhi iliyofuata, wawili tu. Wengine walikuwa baharini na mashua. Barabara za Procida ni za mawe, na gurudumu moja likanasa penye mtelemko. Bibi akashika mikono ya kiti. Wanaume wawili wakatoka kwenye mkahawa, wakamwinua na kiti chake mpaka penye tambarare, wakaondoka wanapangusa mikono. Hapo simu ya Metrine ikalia. Alikuwa Ubeid, amerudi hotelini kabla ya wenzake.

"Metrine, mama yuko wapi? Chumba kitupu!"

"Sir, tuko..."

Bibi akanyoosha mkono, akapewa simu. "Nipo barabarani, Ubeid. Nina shughuli. Khalas." Akaikata.

Kijana wa mkate alikuwa amekwisha kuja na kupita, na kikapu kilikuwa kinapanda. "Kisimamishe!" Bibi akasema. Metrine, bila kufikiri, akaidaka kamba.

Juu kukalipuka kelele za Kiitaliano. Metrine aliniambia alijiona tayari kituo cha polisi. Lakini Bibi alishakivuta kikapu mapajani, anakipapasa, mkate, kamba, fundo. Akaweka tende zake juu ya mkate, akafunika kwa karatasi, akakiachilia. Kikapu kikapanda kwa kasi, kama kinakimbia wezi.

Kisha kichwa kikatokeza, mwanamke mwenye nywele nyeupe na miwani minene, mdomo unatafuna. Akasema maneno mengi. Bibi naye akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kwamba tende hizo ni za nyumbani, shamba la shemeji yake, asizile zote siku moja. Yule akaitikia. Kikapu kikashuka tena na malimau makubwa kama vichwa vya watoto.

"Yukoje?" Bibi akauliza. "Mie naona nywele tu."

Metrine akaomba ruhusa kwa mkono, akapiga, akakuza picha palepale. Bibi akaiweka pembeni ya jicho, akaitazama muda mrefu.

"Huyu mkubwa kuliko mie," akasema. Alifurahi sana.

Ubeid aligomba jioni ile, tena kwa Kiarabu, ambacho hukitumia akikasirika kweli. Lakini baadaye Metrine alimkuta Ubeid ameketi na mama yake, anaonyeshwa picha, anauliza, "Na huyu nani?" Siku zilizobaki kiti kilitoka kila asubuhi.

Waliporudi Rashidiya joto lilikuwa bado halijavunjika, na hakuna kutoka. Bibi alizimaliza picha za Ulaya, akaanza upya, akazichoka.

"Na kwenu je?" akauliza siku moja. "Mbona za kwenu hujanionyesha?"

Metrine hakuwa nazo, ila za harusi na za mazishi, watu wamejipanga. Akampigia dada yake, Roselyne, amtumie za nyumbani, hivyo hivyo palivyo. Zikaja. Bibi akazikuza: mgomba, kuku, tangi la maji, jiko la nje la mama yake Metrine.

"Mlango huu wa nyuma waelekea wapi?"

"Jiko la mama halina mlango wa nyuma, Bibi."

"Huu hapa."

Ulikuwepo. Mbao zake bado nyeupe. Metrine akatoka uani akampigia mama yake, na mama akajaribu kulipitisha jambo hilo kama kitu kidogo. Alikuwa ametobolewa mlango ili afike chooni moja kwa moja. Kuzunguka nyumba hakuwezi tena, magoti. Tangu lini? Tangu mwaka jana. Kwa nini hukuniambia? "Uko mbali, mama. Ungefanya nini?"

Metrine aliporudi ndani, Bibi alikuwa ameyasikia yote dirishani. Alimwita Ubeid, na kabla ya chakula cha jioni likizo ilikuwa imeshakubaliwa.

Tulienda pamoja soko la Naif kununua fimbo ya kukunja na vitambaa vya kubana magoti. Metrine alizijaribu fimbo zote dukani, anatembea nazo huku na huku, mwenye duka anamtazama.

Alikaa Kimilili mwezi mzima. Bibi alimpigia kila alasiri, na mara moja nilikuwa pale Rashidiya nimepeleka mzigo, nikasikia. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, na ndani yake mlikuwa na kishindo kizito, kisichokatika.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Mvua, Bibi. Iko juu ya mabati. Sisikii vizuri, nikupigie baadaye?"

"Hapana," Bibi akasema, akaisogeza simu karibu na sikio. "Iache hivyo hivyo."