Raba za Lazima

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Winchi, kwa sababu furushi la mashuka mabichi ambalo wanaume wawili walilivuta huku wakiguna, yeye alilitoa kwenye mashine peke yake, akalibwaga kwenye toroli na kuendelea na umbea pale alipoukatishia. Jina hilo alilipenda. Asichokipenda ni kuchezewa, na mwaka ule alichezewa.

Mguu wake wa kushoto uliungua palepale kazini, bomba la maji ya moto lilipopasuka. Ulipona, lakini ngozi ilibaki na makunyanzi, na vidole viwili vya mwisho vikagandana. Akashauriwa afanye mazoezi. Akaanza kwenda jimu ya jirani akitoka kazini, na vyuma vikamkolea.

Kocha wa pale, mwanamume mkavu asiye na maneno mengi, alimfundisha kunyanyua chuma kutoka sakafuni akiwa peku. "Raba za kukimbilia zina soli laini kama godoro," alimwambia. "Ukibeba mzigo zinabonyea, nawe unayumba. Shika sakafu kwa vidole." Lakini zamu ya kuchuchumaa na chuma mabegani ilipofika, kocha huyohuyo alimvalisha viatu vigumu vyenye kisigino, maana vifundo vyake havikukunjika vizuri. Winchi hakubisha. Palipotakiwa kiatu alivaa, pasipotakiwa alivua.

Jumatatu moja akakuta tangazo ukutani: RABA NI LAZIMA. MIGUU MITUPU MARUFUKU. Meneja alikuwa amesimama chini yake, mikono kiunoni.

"Ni usalama, dada yangu."

"Usalama gani? Sahani ya chuma ikinidondokea, hicho kitambaa cha raba kitaizuia?"

"Sheria ni sheria."

"Juzi haikuwepo."

"Leo ipo."

Winchi akachukua mfuko wake, akaondoka. Siku iliyofuata alikuja na raba za mumewe, zenye soli nene, akazikaza kamba mpaka mguu mbovu ukapiga kelele. Akainama, akashika chuma, akavuta. Kilipofika magotini, soli ya kushoto ilibonyea upande, kifundo kikapinduka, chuma kikamvuta mbele. Akakiachia. Kishindo kilitetemesha vioo, na kila mtu akageuka.

Meneja akaja mbio. "Umeona sasa? Ndiyo maana tunasisitiza usalama!"

"Usalama wako upeleke huko nje!" Winchi alimfokea, amekaa chini, ameshika kifundo kilichoanza kuvimba.

Kocha alipiga magoti, akamvua raba taratibu, kisha akamwinulia meneja macho. "Mwambie ukweli. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Meneja akajikuna shingo. "Kuna mteja alilalamika. Anasema kuuona huo mguu kunamtia kichefuchefu. Na wala si mtu baki, dada. Ni wa kwenu."

Wa kwao mle ndani alikuwa mmoja tu: wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyejiunga karibuni na mashoga zake wa ofisini. Wakati ule ule alikuwa juu ya mashine ya kukimbilia, ametazama ukuta kama mtu anayesoma kitu.

Winchi alimwendea akichechemea, mguu mmoja na raba, mmoja mtupu.

"Wifi. Shuka."

"Wifi, tutaongea nyumbani, watu wanatuangalia."

"Kwani ulinisemea nyumbani? Shuka!"

Wifi akazima mashine, akashuka. "Sikuwa na nia mbaya. Wenzangu waliniuliza yule ni nani mwenye mguu vile, nikaona… nikaona haya."

"Mguu huu ulinifunga bandeji wewe," Winchi alisema kwa hasira. "Wewe, kwa mikono yako, asubuhi na jioni. Hukutapika. Leo kwa kuwa una mashoga, ndio unakutia kichefuchefu?"

Wifi akaanza kulia. Winchi hakumbembeleza. Alichukua mfuko wake, akaondoka na raba moja mkononi.

Kifundo kilimweka nyumbani mpaka uvimbe uliponywea. Mumewe alijaribu kuwapatanisha. "Ni mtoto yule, msamehe," alisema.

"Mtoto hajui kwenda kwa meneja kwa siri," Winchi alimjibu. "Na wewe ukimtetea tena, chai utajipikia."

Alipokuwa akijiuguza, kocha alimwambia meneja kwamba tangazo lisipoondoka, anaondoka yeye na wanafunzi wake wote. Likabanduliwa. Winchi aliporudi, meneja alimkaribisha kwa bashasha nyingi. Akampita kama nguzo. Akavua viatu, akapangusa nyayo, akavuta chuma. Kilimshinda. Hasira ilimkaza mabega, pumzi haikukaa sawa. Akakirudisha, akatukana kimoyomoyo, akaanza upya na chuma chepesi.

Wifi yake alihamishia mazoezi yake alfajiri, wasikutane. Siku moja alimletea raba mpya za soli bapa, nzuri kabisa, akaziacha mlangoni kwake nyumbani. Winchi alizijaribu, zikamkaa sawasawa, hata ule mguu mbovu haukulalamika. Akazivua, akampa mumewe azirudishe kwa dada yake.

"Mwambie kiatu hakina kosa," alisema. "Nimemkasirikia yeye."