Kompyuta Isiyo na Sauti

Mimi ni mwepesi wa hasira, wanaonifahamu watakwambia. Siku baba aliposema anahamia Masagati nilimjibu kabla hajamaliza, tena kwa kupayuka, halafu nikakumbuka kwamba kelele ndizo zinazomfukuza.

Tulikuwa sebuleni, mimi, yeye na mama, hapa nyumbani Ifakara. Mpunga ulikuwa bado kijani. Baba akasema, "Mpunga ukishavunwa nakwenda Masagati kwa mdogo wangu. Kule kumetulia." Masagati ni mbali, unaipita Mlimba na bado unakwenda, na mvua zikianza barabara ile inakuwa habari nyingine. Mama hawezi kuishi huko. Ana presha, dawa zake anachukua hapa mjini kila mwezi, na magoti yake hayataki safari. Baba alilijua hilo vizuri. Yaani wazazi wangu, waliokaa pamoja tangu kabla sijazaliwa, walikuwa wanaachana bila hata kugombana.

Tatizo lilikuwa masikio. Baba alikuwa fundi wa injini ya pantoni pale Kivukoni, enzi ambazo magari yalivushwa mtoni, kabla ya daraja. Aliishi na injini ile miaka na miaka. Injini na uzee, sijui kipi kilitangulia kumla masikio. Kiziwi hakuwa. Ukikaa naye mahali palipotulia, ukamtazama usoni, mnaongea vizuri tu. Lakini pakiwa na mngurumo wowote chinichini, feni, friji, chochote, maneno yote yanazama. Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni, akakivaa wiki moja, akakirudisha kwenye kiboksi chake. "Kinakuza kila kitu," akasema. "Kinanirudisha kazini."

Basi akajitafutia njia yake. Mtu yeyote akimsemesha, yeye anajibu "marahaba." Watoto wakipita na shikamoo zao, marahaba. Mama akimwuliza chai au uji, marahaba. Fundi umeme akamwambia mita imeisha salio, marahaba. Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka sana. Baadaye kicheko kikaisha, kwa sababu mzee alianza kubeba kiti chake na kwenda kukaa nyuma ya nyumba, upande wa jiko la kuni, na chakula akawa anapelekewa hukohuko.

Sasa, kitu kilichokuwa kikinguruma kuliko vyote sebuleni kilikuwa changu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, na napenda magemu. Sijifichi. Jirani yangu kila akipita dirishani ananichokoza, "Mwalimu, madaftari umeshasahihisha au bado uko barabarani na malori yako?" Nilikuwa na kompyuta kubwa ya mtumba niliyoiunganisha na TV yetu. Humo tunatazama sinema, mpira, na mimi naendesha malori yangu ya gemu. Iliunguruma kama mashine ya kukoboa, na ili tusikie sinema juu ya mngurumo ule, tunaongeza spika. Tukiongeza spika, baba anasikia fujo tupu, ananyanyuka na kiti chake. Miaka miwili sikuliona hilo. Nasimama darasani nachora mawimbi ya sauti ubaoni, na nyumbani namfukuza baba yangu kwa feni!

Nilipolitambua nilijikasirikia siku nzima, halafu nikakata shauri. Nitaunda nyingine. Iwe ndogo, ikae chini ya TV, icheze sinema na magemu, na isisikike hata ukiweka sikio.

Mahesabu yake niliyapenda. Kelele za kompyuta ni feni, na feni ipo kwa sababu ya joto, na joto la Ifakara unalijua. Kwa hiyo nikaamua isiwe na kadi kubwa ya picha, kwa sababu kadi ile ni jiko. Nikachagua prosesa inayojitengenezea picha yenyewe, inatosha malori yangu. Diski iwe ya chipu, isiyozunguka. Juu ya prosesa kikae kipande kinene cha mabati ya kupozea, na feni iwe moja tu, pana, inayozunguka polepole, kwa sababu feni ndogo ndiyo inayopiga miluzi. Sanduku nilichongesha kwa fundi seremala, mbao za mtiki, na matundu mengi chini na juu. Fundi akaugeuzageuza mchoro wangu. "Mwalimu, huu ni mzinga wa nyuki au banda la sungura?" Nikamwambia atoboe, maneno ayaache. Kwenye matundu nikashonea kipande cha chandarua kikuukuu, maana mashine za mpunga haziko mbali na kwetu, na vumbi la pumba linaingia hata kwenye soli za viatu.

Vifaa vya ndani niliagiza kwa kijana mmoja mwenye duka Kariakoo. Tulielewana kwa simu na kwa ujumbe, akavifungasha, vikaja na basi. Nikaviunganisha Jumamosi asubuhi juu ya meza ya kulia chakula, mama ananiangalia kwa mashaka kama vile nafungua saa ya mtu. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikadhani sijachomeka umeme. Nikatazama TV, picha hiyo hapo, nzuri, inang'aa! Nikainamisha sikio mpaka likagusa mbao. Hakuna kitu. Niliruka, nakwambia, nikampiga mama busu la shavu, akanifukuza.

Nikafungua sinema. Watu wanafungua midomo, hawasemi kitu. Nikachomeka spika upya. Hakuna. Nikabadilisha spika, nikabadilisha waya, nikafuta programu nikaweka tena. Hakuna. Jumamosi nzima, na Jumatatu, na Jumanne nikitoka shule. Alhamisi nilikuwa nimeshaongea na ile mashine lugha ambayo mwalimu hapaswi kuongea. Upande wa pili wa ukuta baba yuko kwenye kiti chake, na juu ya kabati mama ameshaweka begi la safari la baba, limeshafuliwa. Lile begi lilinitia uchungu kuliko kitu chochote.

Nikampigia yule kijana wa Kariakoo. Salamu sikutoa.

"Umeniuzia bubu!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniuzia bubu! Haitoi sauti!"

"Lakini mama, si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilivyotaka mimi?"

"Ulisema unataka isiyo na sauti. Tena ulisisitiza. Mimi nilikuwa na mazabodi moja, ule ubao mkuu wa ndani, nzima kabisa, ila upande wa sauti umekufa. Imekaa dukani muda mrefu, watu hawaitaki. Ulipoagiza nikasema huyu mama Mungu kamleta. Ndiyo maana nikakupunguzia."

Nikamwambia asinifanye mtoto. Akanijibu kwa adabu, "Mama, soma ujumbe wako mwenyewe." Nikasoma. Maneno yangu haya hapa: "Nataka mashine isiyo na sauti kabisa, hata kidogo. Sauti ndiyo ugomvi wangu." Chini yake yeye aliuliza, "Kabisa kabisa, mama?" nami nikajibu, "Kabisa kabisa."

Loo! Mimi huyu, ninayewakwaruza wanafunzi kwa kalamu nyekundu wakichanganya neno na neno. Neno "kelele" lilikuwepo, bure, nikaliacha. Niliona kelele ni za walevi na vyerehani, mashine yangu maridadi nitaisemaje hivyo. Nikacheka mpaka nikakaa chini, na yule kijana akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa moyo wote. Nikamwomba radhi. Akasema, "Sasa mama, hilo ni dogo. Tafuta kile kidude cha sauti cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Hata huko kwenu vipo." Vilikuwepo. Nilikipata kwenye duka la vifaa vya simu, kidogo kama ganda la karanga. Nikachomeka, na sebule nzima ikajaa watu wanaoongea. Nilishusha pumzi ambayo naona niliibana tangu Jumamosi.

Kazi ikabaki kumleta mzee. Nikimwambia njoo utazame sinema hatakuja, namjua. Jumapili mchana baada ya chakula nikazima feni ya dari, nikachomoa friji, nikaenda nyuma ya nyumba, nikachuchumaa mbele yake anione mdomo. "Baba, kuna feni nimefunga. Nina wasiwasi haijakaa sawa. Njoo unikagulie."

Kwa kazi ya ufundi hakatai. Akaja, akaweka kiganja juu ya sanduku, vile anavyoshika injini, akafumba macho. Akangoja.

"Umeizima."

"Inafanya kazi, baba."

Akanitazama kwa kutoniamini. Akainama akachungulia tunduni, akaiona feni inavyozunguka polepole, akaweka tena kiganja. "Aisee," akasema. Hakutoka. Akavuta kiti.

Nikaanza kuendesha lori langu, sauti ya kawaida tu. Kwenye mlima wa kwanza akaguna. Kwenye wa pili akasema, "Punguza gia, unaiua." Sikugeuka, niliogopa nikigeuka itakuwa ndoto. Nikapunguza gia. "Hivyo," akasema.

Tulikuwa tunatoka jasho sote watatu, na hakuna aliyelalamika. Mama alikuwa nyuma yetu kwenye stuli, anachambua mchele kwenye ungo. Kwa muda mrefu alikuwa amezoea kusema lolote mbele ya baba, kwa sauti ya kawaida, kama unavyoongea mbele ya picha ukutani. Akaniambia, "Mtazame baba yako. Shati kaligeuza, mishono yote nje, na hivyohivyo kaenda nalo mpaka sokoni."

Baba, macho kwenye lori, akasema, "Na wewe uliona, ukaniacha niende?"

Mkono wa mama ukasimama juu ya mchele. Mimi nikaliacha lori likaingia mtaroni.

"Nilikwambia," mama akasema. "Nilikwambia mlangoni kabisa. Ukaniitikia marahaba ukaondoka."

Baba akajitazama mishono. Akalivua shati palepale, akaligeuza, akalivaa, akalifunga vifungo kimoja kimoja. Tulimwacha amalize. Mama alikuwa ameshaanza kulia na kucheka kwa pamoja, anajifuta kwa upande wa kanga. Nami nilifurahi mno. Nikazima gemu kabisa.

Hapo baba akamgeukia mama. "Hivi," akasema, "yule mwenzangu wa Mbingu alikufa na nini?"

Sikuelewa mara moja. Mwenzake wa Mbingu, kile kijiji cha huku kwetu, ni mtu aliyefanya naye kazi kwenye pantoni ujana wao wote. Alikuwa ameshafariki miezi mingi, na tulikwenda kumzika sote watatu. Tulikaa msibani mpaka matanga yakaanuliwa, na baba alikuwepo siku zote, amekaa na wanaume wenzake chini ya turubai. Nilidhani mama alimweleza. Mama alidhani nilimweleza mimi.

"Kifua," mama akasema. "Kilimsumbua muda mrefu, alikuwa anaficha." Akaongeza, "Na siku ya mazishi walikutaja."

"Walinitaja mimi?"

"Mtoto wake wa kwanza alisimama akaongea. Akasema baba yake kazi yote alifundishwa na wewe. Akasema yeye mwenyewe amesomeshwa kwa mshahara wa kazi ile. Watu wote wakakugeukia."

Nyumba ilikuwa imetulia kiasi kwamba nilisikia mchele ukiteleza kwenye ungo.

"Niliwaona wakinigeukia," akasema. "Nilidhani nimekosea kitu. Ndiyo maana nikaondoka pale makaburini mapema nikaenda kukaa kwenye gari tulilokodi."

Mama akaweka ungo chini, akavuta stuli mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Baba akamwambia arudie. Akarudia yote tangu mwanzo, ugonjwa, mazishi, maneno ya yule mtoto, na nani alipika na nani alichelewa, polepole, bila kupaza sauti. Mimi nikaenda jikoni nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mpunga ulipovunwa baba mdogo akapiga simu kutoka Masagati kuuliza mgeni wake anakuja lini, chumba kimeshafagiliwa. Nikamweleza baba swali lile, nikampa simu. Akaishika kwa mikono miwili, akasema kwa nguvu kwamba samahani sana, kwa sasa haiwezekani, mke wake ana mambo ya miaka miwili anamsimulia na bado hawajafika hata nusu.