Waliniambia Chuma Changu Kimeshika Roho ya Mama

Mguu wangu wa kushoto umepasuliwa mara tatu. Mara ya pili nilipasuliwa ili mama yangu afe.

Msinitukane kwanza. Someni.

Mimi ni mgema wa minazi, huku Banyumas. Napanda kukinga utomvu, mke wangu Turyati anaupika unakuwa sukari. Mwaka fulani nilianguka, mfupa wa muundi ukakatika, nikawekewa chuma na skrubu. Nikapona. Nikarudi kupanda na chuma changu ndani, maisha yakasonga.

Kisha mama akalala kitandani. Chakula hataki, macho hafungui, lakini anapumua.

Majirani wakaanza. Huku kwetu wapo wanawake wanaotiwa sindano za dhahabu chini ya ngozi ili wapendwe, na watu wanaamini roho yao haitoki mpaka sindano zitolewe.

"Mama yenu ujanani alikuwa mrembo mno," akasema Bibi Wartem, mwosha maiti wetu. "Ule haukuwa uso wa bure."

Akamsugua mwili mzima kwa majani ya mlonge ili sindano zitoke. Wapi! Mama anapumua tu.

Bibi akafuta mikono. "Basi kama chuma hakimo kwake, kimo kwa damu yake."

Chumba kizima kikageukia mguu wangu.

"Bibi, hiki ni cha hospitali!"

"Chuma ni chuma, baba."

Dada yangu mkubwa, Kasiyem, akaangua kilio mpaka barabarani wakasikia. "Mama anateseka, Tarwin amekumbatia bati lake!"

"Nikilitoa nani atapanda minazi? Wewe na makalio hayo?"

"Heri makalio yangu kuliko laana yako."

Kesho yake nikaenda hospitali.

Daktari hakunificha. "Mfupa umeshaunga. Chuma hakikusumbui, kiache. Nikikitoa, matundu ya skrubu yanabaki, mfupa unakuwa dhaifu kwa miezi. Hupandi mti, hubebi mzigo. Unakitolea nini?"

Nikamdanganya kwamba kinaniuma.

Kikatolewa. Kasiyem alikuja kuniuguza, mama akabaki na Turyati. Nikiwa wodini simu ikalia. Nikajua tayari, msiba.

"Mama ameketi," akasema Turyati. "Anauliza nani kala ndizi zake."

Kijiji kikashangilia. Bibi Wartem akawa anatembea kifua mbele, utadhani kisu alishika yeye.

Ukweli? Mama ana kisukari. Alipopata homa akaacha kula, na Kasiyem akaendelea kumpa vidonge vya kushusha sukari kila siku, amevisaga kwenye maji, tumbo tupu. Sukari ikashuka mpaka akazimika. Kasiyem alipokuja kwangu hospitali, vidonge alivisahau mkobani mwake. Turyati hakuwa na cha kumpa, akamnywesha utomvu wa moto wa jikoni, kidogo kidogo. Nesi wa zahanati ndiye aliyetufafanulia haya.

Nyumba ya wapika sukari, na mama alikuwa anakufa kwa kukosa sukari.

Nilipomweleza Kasiyem, alinijibu, "Lakini si kapona?"

Minazi haikunisubiri. Mnazi usiogemwa unaacha kutoa. Nikapanda kabla ya muda. Nilikuwa kwenye vidato vya chini tu, hata kimo cha mtu sijafika, nikasikia ta! Palepale penye tundu la skrubu.

Sasa nina chuma kirefu kuliko cha kwanza, na mguu haukunji vizuri. Anayepanda ni Turyati. Mimi nakoroga sukari, nikisikia mama anawaambia wageni barazani, "Mwanangu alitoa chuma, nikafufuka."

Wewe mwenye chuma mwilini, habari ya kukitoa kamuulize aliyekiweka, na akikuuliza sababu, sema kweli. Wale waliojaa chumbani kunishinikiza, hakuna aliyekuja kunishikia gongo.

Mwezi uliopita mama alishikwa na kikohozi. Bibi Wartem akaja kumjulia hali.

Alipoingia mlangoni, kabla hajamtazama mgonjwa, aliutazama mguu wangu.