Mkono wa Thayne Kwenye Jivu

Thayne Bagley alistaafu Oktoba iliyopita. Ofisini walimpa keki na saa ya ukutani, mkubwa wao akasema maneno mawili matatu, wakatawanyika. Mimi si msemaji mbele za watu. Kuandika naweza. Shule niliishia darasa la nane, lakini mwalimu wetu alikuwa hamwachi mtu mpaka mwandiko wake umenyooka.

Kwa miaka ishirini na sita Thayne alikuwa bwana misitu wa barabara ya kijito cha Cutler, hapa kwetu Idaho. Huko juu hakuna bomba, choo wala meza. Ni msitu wa umma: unaingia na gari lako, unatafuta mahali tambarare, unapiga hema, unakaa usiku usiozidi kumi na nne, kisha unampisha mwenzio. Lakini watu wakiambiwa mahali ni pao wote, kila mmoja huona ni pake peke yake. Kazi ya Thayne ilikuwa kutukumbusha kwamba tuko wengi, na alitukumbusha bila kutufanya tumchukie. Hilo si dogo. Nimewaona wengine waliokuja na vitabu vya faini mkononi, hawakumaliza hata majira mawili.

Alikuwa na namna yake. Akikaribia kambi huzima injini mbali kidogo, akaketi kwenye pikapu mlango wazi mpaka mbwa wachoke kubweka. Akishuka haanzi na sheria. Huuliza kama samaki wanashika chambo, watoto wangapi, mmetoka wapi, na huku anaongea anasogea pole pole kuelekea kwenye moto. Watu walipenda kujenga duara jipya la mawe kila wikendi, hata kama la zamani liko hatua tano. Thayne aliacha moja tu. Mengine aliyabomoa na kutupa mawe vichakani, upande mweusi chini, ili anayefuata asione kwamba pale paliwahi kuwashwa moto. Na kama wenyewe walikuwa wanafunga safari, aliinama akatia mkono mtupu kwenye jivu, kuona kama bado lina joto.

Siku moja nilimsikia akiongea na jamaa wa trela aliyeapa kwamba amefika juzi.

"Juzi?" Thayne akauliza, macho kwenye utando uliolizunguka gurudumu.

"Juzi jioni, bwana."

"Basi buibui wako ni mchapakazi. Huyu ameshafika ghorofa ya pili."

Jamaa akacheka, angefanya nini tena. Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa ameshaondoka, na pale alipokaa ameokota hata vifuniko vya chupa.

Sisi akina Tolman tulikuwa na mahali petu kwenye kona ya kijito, chini ya msonobari mkubwa. Kila Agosti tulipanda huko kuchuma beri za porini. Wanangu wanne walijifunzia kutembea pale. Marehemu mume wangu, Lamont, alipasua gogo akatutengenezea benchi, na alipofariki niliendelea kulikalia upande wangu, wa kwake nikauacha wazi.

Miaka sita iliyopita mvua ilikataa. Kabla Julai haijaisha, mioto miwili ilikuwa imetoroka kwenye kambi za watu. Mkubwa wa ofisi, Bi Corliss Haight, akabandika tangazo chini barabarani: moto wa tatu ukitoka kambi yoyote, barabara itatiwa geti na bonde lote litafungwa, wenyeji kwa wageni. Thayne hakuliachia tangazo liseme peke yake. Alizunguka kambi moja moja, akaanzia kwetu.

"Bibi Nedra, mwaka huu tunazima kwa maji. Maji, koroga, maji tena, halafu mkono."

"Mimi nilikuwa nazima moto kabla mama yako hajaolewa."

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimeanza na wewe."

Binti yangu Janeal alicheka mpaka akageuka upande. Mimi sikucheka. Baba yangu alikuwa mchunga kondoo, na watu wa kondoo wote wa milima hii walizima kwa udongo. Unafukia, unakanyaga, unafukia tena. Moto huzikwa kama maiti, baba alisema, na maiti harudi. Nilifanya hivyo miaka sabini. Jumapili tulipofunga mizigo nilichukua sepetu mwenyewe, nikafukia vizuri, nikakanyaga mpaka pakawa kama sakafu. Ndoo za maji zilikuwa zimejaa palepale. Nikazimwaga majanini.

Thayne alikuwa na desturi ya kurudi kwenye kambi baada ya wenyewe kuondoka. Jumanne saa nne alifika petu, akaweka kiganja juu ya ile sakafu yangu, akakiondoa haraka. Alipofukua akakuta moto umeingia kwenye mzizi na unatembea chini kwa chini, hauonekani, kuelekea kwenye msonobari. Alichimba na kubeba maji kwa ndoo kutoka kijitoni mpaka saa kumi na moja jioni. Peke yake.

Alhamisi alinijia nyumbani. Nilikuwa nimeoka pai ya zile beri. Akaketi mezani, akafungua gunia, akatoa mzizi mweusi mrefu kama mkono wangu.

"Umeutoa wapi huo?"

"Chini ya moto wako, bibi. Jumanne ulikuwa bado unafukuta."

"Nilifukia vizuri."

"Vizuri mno. Mkaa unachomwa hivyohivyo, unafunikwa usipate hewa ukaisha upesi. Ulivyoufunika ndivyo ulivyodumu."

Nikautazama ule mzizi. Nikawaza geti, na bonde lote kufungwa kwa ajili ya sepetu langu.

"Umeshaandika jina langu?"

"Bado. Lakini nitaandika. Nimeona nikuambie kwanza, uso kwa uso."

Nilingoja aongeze neno, kwamba labda ataona, labda atapunguza. Hakuongeza. Alimaliza pai yake, akashukuru, akabeba mzizi akaenda. Siku nzima nilimkasirikia. Mtu nimempa pai miaka ishirini anashindwa kunidanganyia mara moja. Lakini kila nilivyogeuza, niliona ni mimi niliyekuwa na ndoo za maji nikazimwaga. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu ya mazoea yangu alikuwa ameibeba mwingine kwa ndoo.

Ijumaa nikavaa gauni la kanisani, Janeal akanipeleka ofisini.

"Nimekuja kwa ule moto wa kona," nikamwambia Bi Corliss. "Ni wangu. Si wa wanangu wala wajukuu. Thayne alinionya na nikamjibu vibaya."

"Ripoti ninayo, mama. Kaa."

Akanigeuzia karatasi nisome. Jina langu lilikuwepo, na urefu wa mzizi, na saa alizochimba. Chini Thayne alikuwa ameandika: *Miaka ishirini nimewaambia watu watumie maji, sijawahi kuwauliza kwa nini wanatumia udongo. Kosa hilo ni langu.*

"Niko hapa mwaka wa kumi," Bi Corliss akasema, "na hakuna mtu aliyewahi kuingia mlango huo akasema moto ni wake."

Geti hakuweka, kwa kuwa moto haukutoka nje ya kambi, Thayne aliuwahi. Badala yake Bi Corliss akaamua bonde liwe na mahali kumi na moja pa kukaa, penye nguzo na namba, kwingine kote pazibwe kwa mawe.

"Na kwetu?"

"Pale pafungwe, mama. Ule mti umeungua mzizi."

Septemba Thayne alinipigia simu nipande. Mashine ilikuwa imeshaleta mawe makubwa kama ng'ombe waliolala. Akaniuliza la kwanza liwekwe wapi. Nikaonyesha kwa fimbo, palepale nilipokuwa nikipiga hema. Wakati linashuka alinishika kiwiko. Kisha akapakia benchi la Lamont kwenye pikapu, akaliteremsha kwenye nguzo namba saba.

Msonobari uko hai. Nauona nikiwa kwenye benchi, na vitukuu wangu wanajifunzia kutembea hapa namba saba, hawajui kwamba palikuwa na pengine.

Agosti hii Thayne alikuja na gari lake mwenyewe, bila sare, akakaa namba nane na mkewe Arvilla. Asubuhi wanaondoka nilichukua fimbo yangu nikaenda. Nilisimama mbali kidogo mpaka mbwa wao akanyamaza, nikauliza habari za samaki, halafu nikainama nikatia mkono kwenye jivu lake.

"Vipi, bibi?"

Lilikuwa baridi kama uji wa jana.

"Ongeza ndoo moja," nikamwambia.

Akaenda kijitoni kuchota.