Mwaka Kompyuta Zilipovaa Vitambaa

Kompyuta kumi zilifika shuleni kwetu Kikatiti kwenye fuso la kubebea mahindi, zimeviringishwa kwa mablanketi, na neno la kwanza lililonitoka nilipoziona lilikuwa, "Za nini?" Mkuu wa shule, aliyesimama karibu yangu ameshikilia tai yake isipeperushwe na upepo, alinitazama kama mgeni aliyetema mate sebuleni kwake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, msichana mwenye shahada ya ualimu na mdomo mrefu, nafundisha jiografia. Miaka ile kila kitu kilikuwa ama kinafunguliwa au kinafungwa. Mjini Arusha kila mwezi liliibuka duka jipya la simu, na wakati huohuo viwanda vya Themi vilikuwa vinauzwa kimoja kimoja. Baba yangu alikuwa amefanya kazi kwenye kimojawapo tangu kabla sijazaliwa. Siku waliyompunguza walimpa saa ya ukutani. Tuliambiwa soko huria litatuletea kila kitu, na kweli lilileta: suruali za mtumba, friji za mtumba, magari ya mtumba, na sasa kompyuta za mtumba kutoka kwa marafiki wa shule walioko Ulaya, ambao ofisi yao ilikuwa imezichoka. Maabara yetu ya kemia haikuwa na vioo madirishani. Niliona nina haki ya kuuliza.

"Utakwenda kuzisomea wewe," Mkuu alisema wiki iliyofuata.

"Mimi, Mkuu? Mimi ndiye niliyepinga."

"Ndiyo maana. Hawa wengine nikiwatuma watarudi kuniambia kila kitu ni kizuri. Halafu ni wewe peke yako uliyewahi kuzigusa huko chuo."

Nilikuwa nimezigusa mara mbili. Sikumwambia.

Waliotoa mashine walikuwa wameweka sharti moja: kabla mwaka haujaisha, shule iwe na mwalimu mwenye cheti cha kufundishia kompyuta. Bila hivyo zingehamishiwa shule nyingine. Ningeweza kulicheka sharti hilo kama nisingejua chumba kile kilijengwaje. Wazazi wa Kikatiti na vijiji vya juu mlimani walichota mchanga mtoni kwa vichwa vyao, wakaleta mbao, wakasimamisha kuta wenyewe siku za Jumamosi. Fundi wa nondo za madirisha alikuwa na watoto watatu shuleni kwetu. Nikifeli, ningewafelisha hao wote, na kila asubuhi ningepishana nao barabarani.

Kwa hiyo kwa miezi sita, kila Jumamosi, nilipanda ngazi za jengo moja karibu na Mnara wa Saa, juu ya duka la vipuri. Mpaka leo nikisikia harufu ya mpira mpya wa gari nakumbuka ngazi zile. Tulikuwa walimu kumi na wanane, wengine wametoka mbali, Monduli na Karatu, wamelala kwa ndugu zao mjini. Mashine zilikuwa sita. Tulikaa watatu watatu: mmoja anashika kipanya, wa pili anasoma maelekezo, wa tatu anangoja zamu yake akipuliza viganja kwa baridi ya mwezi wa saba. Dirishani, mawingu yakiondoka, Mlima Meru ulikuwa unaonekana mzima, karibu kabisa, kana kwamba umesogea usiku.

Mkufunzi wetu alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, mpole, mwenye sweta lile lile la kijivu. Alikuwa anapita nyuma yetu akisema, "Mwalimu, hicho ni kipanya, si jembe. Shika taratibu." Mwanzoni nilimsumbua sana. Kwa nini tunajifunza programu ambayo huko ilikotoka imeshaachwa? Kwa nini mtihani wa kufundisha kompyuta uandikwe kwa kalamu? Kwa nini mwanafunzi anayetoka kijiji cha mlimani kisicho na umeme ajue kutengeneza jedwali? Wenzangu wakanibatiza jina la Kwa Nini. Nikichelewa kufika, mmoja wao anamwambia mkufunzi, "Tuanze haraka kabla Kwa Nini hajaja, leo tumalize mapema."

Mkufunzi hakukasirika hata mara moja. Alikuwa akijibu anachokijua, na kile asichokijua alikiandika kwenye daftari dogo, na Jumamosi ya pili analeta jibu. Nilidhani ni udhaifu. Chuo kikuu sikuwahi kumwona mwalimu akikiri kwamba kuna kitu hakijui.

Nikiri na mimi: nilizipenda zile Jumamosi. Kahawa ya kijiweni saa nne, katika vikombe vidogo visivyo na masikio, na mwalimu mmoja mzee wa hesabu akitulalamikia kwamba vidole vyake vimezoea chaki na kibodi haina pa kukwaruza. Nilijifanya nimekwenda kwa sababu ya Mkuu. Lakini kufikia mwezi wa nne wa mafunzo nilikuwa nafika kabla mlango haujafunguliwa.

Kule shuleni, mambo yalikuwa yanakwenda kwa namna yake. Mkuu alitunga sheria za chumba cha kompyuta kabla hakijatumika hata siku moja. Kuvua viatu mlangoni. Kutogusa chochote bila amri. Na vumbi lisiingie kabisa. Kikatiti wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Ukianika shuka jeupe, jioni unaanua la kahawia. Mkuu akawaita akina mama wa kikundi cha ushonaji, wanaokutana kanisani siku za Jumatano, akawaeleza tatizo.

Walifanya walichojua kukifanya. Nyumba yoyote ya heshima kwetu, redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, televisheni kama ipo ina kitambaa. Akina mama wakafuma kumi, vya nyuzi nyeupe na ua jekundu kila pembe, wakavipiga wanga vikasimama. Na kwa kuwa matundu ya kufuma hayazuii vumbi, mwenyekiti wao, mama mmoja wa Kimeru mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akashonea nailoni nzito upande wa ndani. Kazi safi sana. Siku ya kuvikabidhi walipiga vigelegele, na mimi nilipiga makofi na kila mtu.

Tulipokuwa tunafanya mazoezi na wanafunzi wangu wa kidato cha pili, tulivivua vitambaa na kuvikunja mezani. Lakini siku ya mwisho ya kunipima, mkufunzi alipaswa kuja shuleni kuniona nikifundisha wanafunzi halisi kwa vipindi viwili, na Mkuu alikuwa na amri nyingine.

"Leo vitabaki juu," alisema asubuhi ile. "Mtakunja upande wa mbele tu, kioo kionekane."

"Kwa nini, Mkuu?"

"Mwalimu, mgeni anakuja. Na aliyevifuma anakuja. Utamvulia kitambaa chake mbele ya macho yake?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu jibu liliniridhisha. Nilikunja upande wa mbele wa vitambaa vyote kumi kwa mikono yangu, vizuri, kama pazia. Mgongoni mwa monita kuna matundu membamba mengi, yamepangwa safu kama ya mashavu ya samaki. Nilikuwa nimeyaona kwa miezi sita. Mimi, Kwa Nini, sikuwahi kuuliza ni ya nini.

Tulivua viatu, tukaingia. Mkufunzi alikaa nyuma na soksi zake za kijivu na fomu yake. Mkuu kando yake. Mwenyekiti wa akina mama karibu na mlango, amevaa kitenge kipya. Nilianza kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa. Wanafunzi walikuwa wanajibu kwa sauti moja kama kwaya. Andalio la somo lilikuwa mezani, dakika zote zimegawanywa, na kwa nusu saa kila kitu kilikwenda kama nilivyoandika. Nakumbuka nikijisemea: cheti kipo mkononi.

Halafu picha kwenye mashine ya tatu ikaanza kutetemeka, ikajikunja kuwa mstari, ikazimika. Mwanafunzi aliyekaa mbele yake hakusema neno. Sheria ilikuwa kutogusa bila amri, na yeye alikuwa mtoto mtiifu. Mimi nikaendelea kufundisha. Nikajiambia ni waya.

"Inaungua hiyo," sauti ikasema mlangoni.

"Mama, kaa," Mkuu alinong'ona. "Mwalimu anapimwa."

"Anapimwa nini, na chumba kinaungua? Mimi ndiye niliyeishona nailoni hiyo, harufu yake siijui?"

Akaja katikati ya safu na miguu yake mitupu, akakivuta kitambaa. Nailoni ilikuwa imeyeyuka, imejishika na mgongo wa monita kama ugali uliokaukia sufuriani. Bila kungoja mtu akavivuta na vingine vyote, tisa, akavikumbatia kifuani. Kiingereza kiliishia hapohapo. Darasa zima lilikuwa linazungumza Kiswahili, na wa nyuma Kimeru.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini imekuwa ya moto?"

Nilimwangalia mkufunzi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika. Nilimwangalia Mkuu. Alikuwa ananikodolea macho kwamba nitoe jibu, lolote, maana kompyuta zile kumi zilikuwa zinaning'inia kwenye ulimi wangu. Ningeweza kutunga kitu. Nilikuwa na shahada; kutunga nilifundishwa.

"Sijui," nilisema. "Zimeni zote. Halafu njooni mguse."

Mkuu alivuta pumzi kwa sauti. Wanafunzi walinitazama kuhakikisha kwamba nimesema nilichosema. Kisha wakaja, wakaweka viganja mgongoni mwa kila mashine, wakalinganisha, wakabishana. Mmoja akayaona matundu. Mwingine akasema labda mashine inapumua. Nikawauliza kwa nini ipumue, inafanya kazi gani ya kuchoka, tukaenda hivyo, swali juu ya swali, mpaka tukafika kwenye umeme unaopita ndani na joto linalotafuta mlango. Mwenyekiti wa akina mama, bado amekumbatia vitambaa, akaimaliza kazi vizuri kuliko mimi.

"Ndizi ukitaka ziive haraka unazifunika, si ndiyo? Hizi hatutaki ziive. Basi."

Darasa likacheka. Kengele ikalia. Andalio langu la somo lilikuwa sakafuni, limekanyagwa.

Ofisini, mbele ya chai na ndizi nyama ambazo hakuna aliyezigusa, Mkuu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa nimemdharau mwaka mzima, kwa tai yake na sheria zake. Alisimama kama mwanafunzi.

"Ndugu mkufunzi, vitambaa vilibaki kwa amri yangu. Huyu aliuliza, mimi nikamnyamazisha. Kama ni kukata alama, zikate kwa shule, yeye usimfelishe."

"Sikuja kupima vitambaa," mkufunzi alijibu. Akanigeukia. "Andalio lako linasema watataja sehemu tano za kompyuta. Hawakutaja hata moja."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa Nini hana la kuuliza leo?"

"Nauliza kama nimefeli."

"Matokeo yatakuja kwa barua." Akaivuta sahani yake karibu, akaanza kula.

Barua ilichukua wiki tatu. Wiki tatu hizo chumba kilifungwa, na wazazi walikuwa wanapita nje ya dirisha kuchungulia, kama watu wanaokwenda kumtazama mgonjwa. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Mwenyekiti wa akina mama alinikuta sokoni siku moja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kisha akasema, "Mwanangu, zikichukuliwa tutakaa chumba kile kufumia. Usikonde." Sikulala vizuri siku ile.

Cheti kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na karatasi moja ya maoni yenye mwandiko mdogo uliolala upande. Kwa kupanga muda nilipata alama mbaya. Kwa kufuata andalio, mbaya zaidi. Chini kabisa aliandika kwamba mwalimu alipoulizwa asichokijua alisema hajui, na darasa likajifunza, amefaulu. Nilisoma nimesimama barabarani, malori ya Moshi yakinipitia na vumbi lake, na sikusogea.

Siku hizi nafundisha shule moja ya Njiro, ndani ya ukuta. Mashine ni mpya, maabara ina zulia, wanafunzi wanajua mambo kabla sijayafundisha na hawaulizi joto linatoka wapi. Bado nina mashaka na mengi. Sijui kama kompyuta zile kumi ziliwafikisha wale watoto popote. Nimekutana na wawili tu, mmoja anauza vocha pale stendi, mwingine ni nesi. Mashaka hayo nimezoea kuishi nayo. Jambo ambalo sina mashaka nalo ni kwamba naukumbuka mwaka ule kuliko miaka yote niliyosoma.

Na asubuhi ile baada ya barua. Wanafunzi walikuwa wamepanga viatu vyao mlangoni, mashine tisa zimewashwa, migongo wazi, nimeanza kuita majina. Mlango ukasukumwa. Alikuwa Mkuu, amebeba viatu vyake mkononi, tai ameiingiza ndani ya shati isiguse kitu.

"Mwalimu," alisema, akitazama chini, "mimi nikae wapi?"

Nilimweka kati ya wasichana wawili wa kidato cha kwanza. Mmoja wao alimsogezea kipanya, na nikamsikia akimwambia kwa upole sana, "Shikamoo, Mkuu. Usikibane hivyo."